Majina ya Koo katika Mpaka wa Uingereza na Uskoti

Husimuliwa hekaya ya msafiri mmoja aliyefika zamani katika bonde la Liddesdale, kusini mwa Uskoti, akabisha mlango baada ya mlango asipate mahali pa kulala. Mwisho akauliza kwa uchungu kama katika bonde lile hapana Mkristo hata mmoja. Akajibiwa ya kuwa hapana, wote wakaao huko ni akina Armstrong na akina Elliot. Wenyeji wa nchi ile huisimulia hekaya hii kwa kicheko, nasi hatuwezi kusema kama jambo lenyewe lilitukia. Lakini aliyeitunga aliijua nchi yake. Mtu aliulizwa dini, akajibu ukoo.

Tumekusudia katika kurasa hizi kueleza habari za koo hizo na majina yao, tangu asili yao hata mwisho wa vita vya mpakani. Msomaji wetu hatakuwa mgeni kabisa wa jambo hili. Mpaka wa Kenya na Tanzania umewakata Wakuria, Wamasai na Wadigo, wengine wakabaki huku na wengine kule, na kila mmoja wao ajua ya kuwa mstari wa serikali haukati udugu. Huko Ulaya nako palikuwa na nchi ya namna hiyo, na yaliyotendeka humo yatufundisha jinsi jina la ukoo liwezavyo kuwa ngao ya mtu, na jinsi ngao hiyo hiyo iwezavyo kugeuzwa kitanzi.

Mpaka wa Uingereza na Uskoti huanza pwani ya mashariki, karibu na mji wa Berwick, ukaenda hata ghuba ya Solway upande wa magharibi, urefu wake maili 96. Ulithibitishwa kwa mapatano ya York mwaka 1237. Mwaka 1249 mashujaa kumi na wawili wa kila ufalme walikutana wakaziandika desturi za mpakani, ziwe sheria moja kwa watu wa pande zote mbili. Huenda amani ingalidumu; lakini mwaka 1296 mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliivamia Uskoti, na tangu hapo vita na mapumziko ya vita vilifuatana kwa muda wa miaka karibu mia tatu. Mji wa Berwick wenyewe ulichukuliwa na kurudishwa mara nyingi, hata ukabaki mikononi mwa Waingereza mwaka 1482.

Fikirini hali ya mkulima katika nchi hiyo. Akilima, majeshi hupita yakachoma shamba. Akijenga nyumba nzuri, itabomolewa. Basi watu wakategemea mali iwezayo kutembea, yaani ng'ombe, kondoo na farasi. Na mali iwezayo kutembea ni rahisi kuibwa. Walio na nguvu kidogo walijenga nyumba za mawe zenye kuta nene, mifugo ikilala chini na watu juu, wakapanda kwa ngazi na kuivuta juu baada yao. Upande wa Uingereza, katika mabonde ya Tynedale na Redesdale, palikuwa na desturi ya kugawanya ardhi ya baba sawasawa kwa wana wote. Desturi hiyo ni ya haki kwa sura yake. Lakini kila kizazi mashamba yalipungua, hata mtu akarithi kipande kisichoweza kumlisha. Mwaka 1550 Sir Robert Bowes, aliyetumwa kuikagua nchi ile, aliitaja hali hiyo kuwa sababu moja ya wizi.

Kila ufalme uliigawanya nchi yake ya mpakani katika majimbo matatu, la mashariki, la kati na la magharibi, na juu ya kila jimbo akawekwa mlinzi wa mpaka. Walinzi wa pande mbili walikutana kwa siku zilizoagizwa, zilizoitwa siku za amani, ili kusikiliza mashtaka. Aliyeibiwa alikuwa na njia mbili. Aliweza kungoja siku ya amani. Au aliweza kuwafuata wezi mara moja, hata kuvuka mpaka, mradi awafuate katika siku sita, waziwazi, akichukua juu ya mkuki bonge la udongo wa kinamasi liwakalo moto, ili kila amwonaye ajue ya kuwa anafuata haki yake wala haendi kuiba. Wote waliokutana naye walipaswa kumsaidia. Sheria hizi zilikuwa njema, ila zilitegemea uaminifu wa walinzi, na walinzi wengi walikuwa wenyewe watu wa koo zenye visa. Mwaka 1575, mahali paitwapo Reidswire, siku ya amani yenyewe iligeuka kuwa vita.

Basi, mfalme akiwa mbali na hakimu akiwa na upendeleo, mtu amtegemee nani? Alitegemea jina lake. Katika Kiingereza cha mpakani, neno lililo na maana ya jina la ukoo lilitumika kwa watu wenyewe. Walisema "majina ya Tynedale" kama sisi tusemavyo koo za mahali fulani. Kila ukoo uligawanyika katika matawi, ambayo Waswahili wa pwani wangeyaita milango, na kila mlango ulikuwa na mkuu wake. Katika Tynedale majina makubwa yalikuwa manne: Charlton, Robson, Dodd na Milburn. Katika Redesdale walikaa akina Hall, Reed na Potts. Upande wa Uskoti akina Armstrong, Elliot, Nixon na Croser walikaa Liddesdale. Akina Scott na akina Kerr walikuwa katika jimbo la kati. Akina Maxwell na akina Johnstone walishindana kwa ajili ya jimbo la magharibi.

Serikali ya Uskoti ilikiri nguvu ya majina haya. Mwaka 1587 bunge lake lilitoa sheria juu ya watu wa milimani na wa mpakani, likaandika orodha ya koo zenye wakuu wanaofuatwa na watu wao, hata mara nyingi kinyume cha mapenzi ya wenye ardhi. Jambo hili lapasa kuangaliwa. Mtu alikaa katika ardhi ya bwana mmoja na kumlipa kodi. Lakini vita vikija, hakumfuata bwana huyo bali alimfuata mkuu wa jina lake. Kwa hiyo sheria iliwataka wakuu wa koo watoe watu wa kuwekwa rehani, na kujibu kwa makosa ya wote walio chini yao. Sheria haikumwuliza mtu ametenda nini tu, ilimwuliza pia ni wa nani.

Sasa tuyatazame majina yenyewe, kwa kuwa wenye kupenda lugha watataka kujua asili yake. Mengine ni majina ya mahali. Johnstone ni "mji wa John", katika bonde la Annandale. Maxwell ni kilindi cha mtu aitwaye Maccus katika mto Tweed. Na Graham hudhaniwa limetoka katika mji wa Grantham, mbali kusini mwa Uingereza, likaletwa Uskoti katika karne ya 12. Mengine ni majina ya baba: Robson ni mwana wa Rob, Nixon ni mwana wa Nick. Elliot latokana na jina la kale la mtu, nalo liliandikwa kwa namna nyingi sana katika hati za zamani. Kerr ni neno la watu wa kaskazini, maana yake kichaka cha mahali penye majimaji. Armstrong ni "mkono wenye nguvu". Na Scott maana yake ni Mskoti tu. Jina kama hilo mtu hupewa na wale wasio Waskoti. Basi katika majina haya twaona Waingereza wa kale, watu wa kaskazini na Waskoti wamechanganyika. Ukoo uliojivuna kuwa damu moja ulikuwa na asili nyingi, kama zilivyo koo zetu za pwani.

Tena, palipokuwa na watu mamia wenye jina moja, na kati yao akina John na akina William wasiohesabika, jina la ukoo halikutosha kumtambulisha mtu. Ndipo zikatumika lakabu. Nyingine ziliunganisha majina ya baba na babu, mara nyingine hata jina la mama, mpaka mtu akaitwa kwa vizazi vitatu pamoja. Nyingine zilitaja makao: William Armstrong wa Kinmont alijulikana kwa jina la Kinmont Willie. Nyingine zilitaja alama ya mwili, na hizo zatupa picha ya maisha yao. Katika orodha za wahalifu twamkuta Will Nixon Asiye na Vidole, na Clem Croser Asiye na Pua. Karani aliziandika lakabu hizi bila mzaha, kwa kuwa bila hizo hakuweza kumshtaki mtu aliyemtaka.

Huenda msomaji akauliza, Je, watu hawa walikuwa Waingereza au Waskoti? Walikuwa kwanza watu wa koo zao. Akina Graham, Armstrong, Nixon na Croser walikaa pande zote mbili. Sheria ilikataza Mwingereza na Mskoti wa mpakani kuoana bila ruhusa ya mlinzi, ikalihesabu kuwa kosa kubwa. Nao waliendelea kuoana. Mwaka 1547, katika vita vya Pinkie, Mwingereza aitwaye William Patten aliyekuwa pamoja na jeshi aliwaona watu wa mpakani wa majeshi yote mawili wakizungumza wao kwa wao, na alama za msalaba walizovaa kuwatambulisha zimeshonwa kwa uzi hafifu, kana kwamba upepo ungeweza kuzipeperusha. Aliandika habari hiyo kwa mashaka. Twaweza kumwelewa, lakini twaweza pia kuwaelewa wale aliowaandika, ambao adui zao wa siku ile walikuwa shemeji zao na wajomba zao.

Kati ya mito ya Esk na Sark palikuwa na nchi ambayo kila ufalme ulidai kuwa ni yake, ikaitwa Nchi ya Ubishi. Desturi iliruhusu watu wa pande zote kulisha mifugo humo mchana, lakini si kujenga wala kulala. Akina Armstrong na akina Graham walijenga wakalala. Mwaka 1551 walinzi walitangaza ya kuwa mtu yeyote aweza kuua, kuchoma na kunyang'anya humo bila kudaiwa lolote. Mwaka wa pili yake, 1552, wajumbe waliigawanya, balozi wa Ufaransa akiwa mwamuzi, likachimbwa tuta ambalo alama zake zaonekana hata leo.

Tumesema ya kuwa jina lilikuwa ngao. Lilikuwa deni pia. Aliyemwua Scott alikuwa amewaua akina Scott wote, nao waliweza kumdai Kerr yeyote. Mwaka 1526, karibu na Melrose, Kerr wa Cessford aliuawa na mtu wa Walter Scott wa Buccleuch. Mwaka 1530 koo hizo mbili zilifanya mkataba wa amani, kila upande ukaahidi kwenda kuhiji mahali patakatifu na kuziombea roho za waliouawa wa upande wa pili. Mkataba ulikuwa mwema. Lakini mwaka 1552, miaka 26 baada ya damu ya kwanza, akina Kerr walimwua Buccleuch katika njia kuu ya Edinburgh. Kadhalika akina Maxwell na akina Johnstone walipigana mwaka 1593 katika mchanga wa mto Dryfe, Lord Maxwell akauawa. Mwaka 1608 mwanawe alikutana na mkuu wa Johnstone ili wapatane, akampiga risasi. Alikatwa kichwa mwaka 1613.

Mtu asiye na jina kubwa alikuwa na njia moja, nayo ni kuwalipa wenye jina ili wasimwibie, na wamlinde na wengine. Malipo hayo yaliitwa "kodi nyeusi", na neno la Kiingereza lililotokana nayo, "blackmail", limeenea duniani, maana yake sasa ni kumtoza mtu mali kwa vitisho. Neno jingine ni la huzuni zaidi. Wanyang'anyi waliitwa "reivers", na katika shina hilo hilo limetoka neno la Kiingereza la mtu aliyefiwa, "bereaved", yaani aliyenyang'anywa.

Wenye mamlaka walifanya nini? Mwaka 1525 Gavin Dunbar, Askofu Mkuu wa Glasgow, alitoa laana juu ya wanyang'anyi wa mpakani, maneno zaidi ya elfu moja, akiulaani mwili wao tangu kichwa hata nyayo, na nyumba zao na mifugo yao, ikasomwa makanisani. Wizi haukukoma. Mwaka 1530 mfalme James wa Tano alimkamata Johnnie Armstrong wa Gilnockie huko Carlenrig, akamtundika pamoja na watu wake bila hukumu ya baraza. Wizi haukukoma, bali Johnnie aliimbwa katika nyimbo. Mwaka 1596 Waingereza walimkamata Kinmont Willie alipokuwa akirudi kutoka siku ya amani, kinyume cha sheria, wakamfunga katika ngome ya Carlisle. Na Scott wa Buccleuch, mjukuu wa mwana wa yule aliyeuawa Edinburgh, aliingia ngomeni usiku akamtoa. Twaona ya kuwa kila mara mwenye mamlaka alipoiacha sheria yake mwenyewe, jina la ukoo lilizidi kuheshimiwa.

Mwaka 1603 malkia Elizabeth alifariki, na James wa Sita wa Uskoti akawa mfalme wa nchi zote mbili. Siku zile zile wanyang'anyi waliishambulia Cumberland kwa nguvu, wakidhani ya kuwa mfalme akifa sheria hufa naye. James aliifuta mipaka, akaziita nchi zile Majimbo ya Katikati, akaamuru milango ya chuma ya ngome ifuliwe kuwa majembe ya plau. Jambo hilo latukumbusha maneno ya nabii. Lakini lilifuatwa na vitanzi vingi. Katika mji wa Jedburgh walitundika kwanza wakahukumu baadaye, hata ikawa methali.

Akina Graham ndio walioteswa kuliko wote. Hapana shaka wengi wao walikuwa wezi. Lakini hawakushtakiwa mmoja mmoja. Walishtakiwa kwa jina. Ardhi yao ya mto Esk alipewa Earl wa Cumberland, nasi twaona ya kuwa aliyefaidika na kuondoka kwao alikuwapo tayari. Mwaka 1605 wanaume kama 150 walipelekwa kuwa askari katika ngome za Uholanzi. Wengi wakatoroka wakarudi. Mwaka 1606 jamaa zao wakaanza kupelekwa Roscommon katika Ayalandi. Wengi wakarudi tena. Mwaka huo huo wa 1603 baraza la Uskoti lilikuwa limelipiga marufuku jina la MacGregor, ukoo wa milimani, wala jina hilo halikurudishiwa haki yake kabisa mpaka mwaka 1774.

Wengine husema ya kuwa akina Graham waliorudi kwa siri waliligeuza jina lao, wakalisoma kutoka nyuma, likawa Maharg. Kisa hiki chapendeza, lakini tusikipokee, kwa kuwa Maharg ni jina la Kigaeli lenye asili yake upande wa Galloway. Hata hivyo chatuonyesha watu walivyokumbuka. Walijua ya kuwa palikuwa na wakati ambapo mtu aliweza kufa kwa kuitwa jinale.

Wengi wa koo hizo walihamia kaskazini mwa Ayalandi katika karne ya 17, na wajukuu wao walivuka bahari kwenda Marekani. Mwezi wa Julai mwaka 1969 mtu wa kwanza alikanyaga mwezi, jina lake Armstrong, na rais aliyezungumza naye kwa simu kutoka duniani aliitwa Nixon: majina mawili ya Liddesdale. Mwaka 1972 Neil Armstrong alifika katika mji wa Langholm, karibu na mahali ambapo ukoo wake uliwindwa, akapewa heshima ya kuwa mwananchi wa mji ule.

Katika Carlisle, karibu na ngome, liliwekwa mwaka 2001 jiwe kubwa lililochorwa maneno ya ile laana ya 1525, na katika sakafu yake majina ya koo. Mwaka huo huo ugonjwa wa miguu na midomo uliangamiza mifugo ya Cumbria, na mwaka 2005 mafuriko yakauingia mji. Wako waliosema ya kuwa jiwe ndilo lililoleta hayo, wakataka liondolewe; baraza la mji likakataa. Nasi twaona baraza lilifanya vema. Ng'ombe hawakufa kwa laana. Jambo la kuogopwa katika jiwe lile ni desturi ya kuwahukumu watu kwa majina yao, wema na waovu pamoja, na desturi hiyo haikuishia Carlisle wala haikuishia mwaka 1603.

Ukoo ulimlinda mtu pale sheria iliposhindwa, na kwa hiyo hatuwezi kuwalaumu watu wa mpakani kwa kuupenda. Lakini sheria ilipokuja, ilipaswa kumwuliza kila mmoja ametenda nini. Ilipouliza tu anaitwa nani, ilifanya lile lile walilolifanya akina Kerr katika njia ya Edinburgh.